Kutoka Sigalagala Hadi Baharini kwa Shilingi 50 kwa Siku: Jinsi Chama Kinavyopanga Safari Bila Kukopa

Yote yalianza na video ya WhatsApp. Binti wa mmoja wa akina mama wa chama kimoja hapa Sigalagala anaishi Seattle, Marekani. Mwaka jana alimtumia mamake video ya meli kubwa, ndefu kuliko soko lote letu, ikipita polepole kando ya mlima wa barafu huko Alaska. Watu wamejifunika blanketi juu ya meli, wanakunywa chai, wanapiga picha. Mama akaionyesha wenzake siku ya mkutano. Wakacheka, wakaipitisha simu mkono kwa mkono, halafu Kukhu, mwanachama mzee kuliko wote, akauliza swali ambalo lilinyamazisha nyumba: "Hiyo safari ni pesa ngapi?"

Walituletea swali hilo tulipokwenda kufanya mafunzo ya wateja karibu na stage ya Sigalagala. Tukasema hebu tupige hesabu kweli, maana kazi yetu ni kufundisha watu kupanga pesa zao kwenye simu, na hakuna somo tamu kama lile ambalo mtu amelitaka mwenyewe.

Hesabu ya Alaska ina funzo, hata kama hutaenda. Meli za huko hufanya safari kuanzia karibu mwisho wa Aprili hadi Oktoba mwanzoni, nyingi zikitoka Seattle au Vancouver na kupitia miji kama Ketchikan, Juneau na Skagway. Miezi ya pembeni, yaani Mei na Septemba, ndiyo huwa nafuu. Chumba kisicho na dirisha ndicho huwa cha bei ya chini. Lakini bei inayoandikwa kwenye tangazo siyo bei utakayolipa. Kuna kodi za bandari, kuna bakshishi ya wahudumu, kuna matembezi ya kila mji ambayo unalipia kando. Kwa Mkenya kuna zaidi. Ada ya kuomba visa ya Marekani ni dola 185, na hairudishwi hata ukinyimwa. Tena kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli iliyosajiliwa nchi nyingine kubeba abiria kati ya bandari zake bila kugusa bandari ya nchi ya nje, na meli nyingi kubwa za utalii zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko. Ndiyo maana safari hizo hupitia Kanada. Kwa hiyo ni lazima uulizie pia visa ya Kanada, ambayo ada yake ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole dola 85 nyingine. Na hapo bado hujanunua tiketi ya ndege.

Mwenyekiti akasema, "Basi barafu tutaiona kwenye friji." Lakini Kukhu hakucheka. Akatuambia hivi: amelima, amesomesha, amezika, na hajawahi kuona bahari. Hakuwa anataka Alaska. Alikuwa anataka maji ambayo hayana ng'ambo.

Mombasa basi.

Kilichotokea mara ya kwanza

Kabla hatujaandika hata shilingi moja, mweka hazina alitutolea daftari la zamani. Kumbe hii si mara yao ya kwanza. Miaka miwili iliyopita waliona tangazo Facebook: Mombasa siku nne, usafiri, hoteli na chakula, shilingi 6,500 kwa kila mtu. Mtu wa upande ule alikuwa na sauti nzuri, anajibu haraka, anawaita "mama zangu". Akataka kila mmoja atume 3,000 za kushika nafasi. Walikuwa kumi na wawili. Shilingi 36,000 zikatumwa jioni moja, kwa namba ya kawaida ya simu, na jina lililotokea kwenye ujumbe lilikuwa la mtu binafsi ambaye hakutajwa popote kwenye tangazo. Mmoja wao aliuliza. Wenzake wakamjibu, "Labda ni mhasibu wao."

Asubuhi iliyofuata walipopiga simu, wote kumi na wawili, walisikia sauti ile tunayoijua sote: mteja hapatikani kwa sasa.

Tunaieleza hadithi hii kwa ruhusa yao, na bila kutaja mtu, kwa sababu uchungu wake haukuwa pesa peke yake. Mama mmoja alikuwa amechukua zile 3,000 kutoka kwa pesa ya karo. Hakumwambia mumewe kwa miezi saba. Kwa hiyo mtu akisema "safari ni anasa tu, haina haja ya mpango mkali", hajui kilicho mezani. Chama hiki kikipoteza mara ya pili, hakutakuwa na chama.

Tuseme pia ambalo lingefanyika. Kwenye M-Pesa, ukituma pesa kimakosa unaweza kupeleka ujumbe wa muamala ule kwenda 456 kuomba urudishiwe. Lakini njia hiyo inasaidia ikiwa pesa bado iko kwenye simu ya aliyepokea. Tapeli huitoa kwa wakala ndani ya dakika chache. Kesho yake umechelewa. Kinga yako kubwa ni zile sekunde chache kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini yako. Lisome. Likiwa silo unalolitarajia, acha. Usijijibie swali kwa neno "labda".

Wakati wa kwenda

Watu wengi wa huku hufikiria Mombasa ni ya Desemba. Sisi tunaona Desemba ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa mwenye bajeti ndogo. Nyumba za pwani zimejaa, tiketi za treni zinaisha mapema, na ukirudi Januari mwanzoni unakutana na karo.

Akina mama hawa wana kalenda yao, na ilibidi tuisikilize. Wengi wao wanauza chakula, mboga na nguo kwa wanafunzi wa Sigalagala National Polytechnic. Wanafunzi wakiwa ndani, biashara inachemka. Wakifunga, mama anaweza kukaa na sufuria ya maharagwe mpaka jioni. Wengine wanategemea mahindi, ambayo huku huvunwa karibu Julai na Agosti. Kwa upande wa pwani nako, kuna mvua za masika Aprili na Mei, kisha upepo wa kusi unaochafua bahari miezi ya katikati ya mwaka. Kaskazi huanza karibu Novemba, na bahari hutulia.

Wakachagua wiki ya mwisho ya Septemba. Mahindi yamekwisha kuvunwa, watoto wako shule, kusi imeanza kuchoka, wageni wa Agosti wameondoka, na sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba haijafika. Ni ule ule ujanja wa Alaska wa kwenda mwezi wa pembeni.

Bajeti yenyewe

Tuliiandika ubaoni kwa mtu mmoja, siku tano pamoja na safari. Bei za basi, nyumba na chakula ni makadirio yao baada ya kupiga simu na kuulizia. Zako zitatofautiana, kwa hiyo usinakili tu.

Basi kwenda Nairobi na kurudi walitenga 3,000. Kutoka mjini Nairobi hadi stesheni ya Syokimau na kurudi, 300. Treni ya SGR, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwenda tangu bei zilipopandishwa Januari 2024, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 3,000. Matatu kutoka stesheni ya Miritini mpaka mjini na kurudi, 300. Nyumba ya kukodi yenye jikoni, 9,000 kwa usiku mmoja, usiku tatu ni 27,000, mkigawana kumi na wawili kila mmoja ni 2,250. Chakula 2,500, maana watapika wenyewe mara nyingi. Kiingilio cha Fort Jesus na mtu wa kuwatembeza, 500. Mashua, 1,500. Ada za kutuma pesa, 150.

Jumla ni 13,500. Tukaongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura, 1,350, ikawa 14,850. Tukasema iwe 15,000. Watu kumi na wawili, 180,000. Zawadi, mabuyu na achari za kupelekea majirani, kila mtu na mfuko wake. Tuliona tukiweka zawadi kwenye bajeti ya pamoja tungeleta ugomvi.

Hapo palitokea mjadala mkali kuhusu treni. Mama mmoja alisema kama ni kwenda mara moja maishani, waende daraja la kwanza. Ni maneno ya haki. Daraja la kwanza ni 4,500. Tofauti ni 3,000 kwa mtu kila upande, yaani 6,000 kwenda na kurudi, na kwa watu kumi na wawili ni 72,000. Hizo ni sehemu mbili kati ya tano za bajeti nzima, kwa kiti. Treni ni ile ile, inafika saa ile ile, na ndovu wa Tsavo wakijitokeza karibu na reli wataonekana kutoka madirisha yote. Mama mwenyewe akasema, "Haya, nitabeba mto."

15,000 zikigawanywa kwa miezi kumi, Novemba hadi Agosti, ni 1,500 kwa mwezi. Zikigawanywa tena kwa siku, ni shilingi 50. Kukhu akaurudia huo mwisho mara mbili. "Hamsini. Hamsini tu."

Jinsi ya kutuma ndiyo inaamua utalipa ada kiasi gani

Sehemu hii ndiyo tunayoijua zaidi, kwa hiyo tuvumilie kidogo. Tutatumia viwango vya M-Pesa vilivyopo tunapoandika kwa sababu ndivyo akina mama hawa wanavyotumia. Ukitumia mtandao mwingine, angalia viwango vyake kwanza.

Zamani chama hiki kilikusanya pesa taslimu mkutanoni. Kila mama alikuwa anatoa pesa kwa wakala kabla ya mkutano. Kutoa 1,500 ni shilingi 29. Mara kumi na wawili, mara miezi kumi, ni 3,480 zinazobaki njiani. Halafu mweka hazina anatembea na 18,000 kwenye mkoba kutoka mkutanoni hadi nyumbani, jioni.

Wakituma moja kwa moja kwa simu, 1,500 kwa mwezi mara moja, ada ni 23. Kwa wote, kwa miezi kumi, ni 2,760. Nafuu kidogo, lakini bado inakaribia nauli ya treni ya watu wawili kwenda Mombasa.

Sasa sikia. Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo kwa mtumiaji mwingine wa M-Pesa hakuna ada. Sufuri. Anayetuma 50 kila siku, au 100 baada ya kila siku mbili, anafikisha 1,500 zake kwa mwezi bila kulipa hata shilingi. Anayejaribu kuwa mjanja na kutuma 375 kila wiki analipa 7 kila mara, 28 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya yule aliyetuma zote kwa pamoja. Yaani katikati ndiko ghali. Hili liliwashangaza, na kusema kweli hata baadhi yetu ofisini tulikuwa hatujakaa chini kulipigia hesabu.

Tena njia ya kidogo kidogo inalingana na biashara yao. Siku ambazo wanafunzi wapo, mama anatuma 100. Wakifunga, anatuma 20. Hakuna anayeaibika mkutanoni. Mweka hazina ndiye aliyelalamika, maana simu yake ingelia mara kumi na mbili kwa siku, na kuandika yote hayo kwenye daftari ni kazi. Suluhisho lao ni kwamba kila mama anaandika kadi yake mwenyewe, na mweka hazina anachukua taarifa ya miamala ya mwezi mzima kutoka kwenye simu, wanalinganisha mbele ya wote. Picha ya skrini haikubaliki kama ushahidi, na ujumbe uliopelekwa kutoka simu nyingine haukubaliki. Ujumbe wa pesa unaandikika na mtu yeyote mwenye dakika mbili. Kinachohesabika ni kilichoonekana kwenye taarifa ya anayepokea.

Pesa ikae wapi?

Hapa tulikuwa wakali. Pesa za chama zisikae kwenye laini ya mtu binafsi anayoitumia kila siku. Tuna sababu mbili, na ya kwanza haisemwi vya kutosha: Fuliza. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yake inakatwa kulipa deni hilo. Simu haijui kwamba hamsini hii ni ya Mama Mboga wa pili kutoka stage, ya kwenda kuona bahari. Tulimwuliza mweka hazina kama ana Fuliza. Akanyamaza kidogo, akasema iko 800. Hakuna aliyemlaumu, maana ukiuliza chumba kizima kila mmoja ana yake. Lakini angeanza kupokea michango siku ile, michango kumi na sita ya kwanza ya shilingi hamsini ingemezwa, na yeye ndiye angeitwa mwizi.

Sababu ya pili ni ugonjwa na kifo. Samahani kulisema, lakini tunaliona. Mwenye laini akifariki, familia inahitaji hati za urithi ndipo pesa itolewe, na chama kinabaki kueleza msibani kwamba sehemu ya ile pesa si ya marehemu.

Walichofanya ni kununua laini mpya ambayo kazi yake ni moja tu, haina Fuliza, haikopi popote. Namba ya siri inajulikana na mweka hazina, na simu yenyewe inakaa kwa katibu. Kila tarehe 1, watu hao wawili pamoja na mwenyekiti wanakutana na kuhamisha pesa zote kwenda kwenye akaunti ya benki ya chama, ambayo haitoi pesa bila sahihi tatu. Si mpango kamili, lakini pesa nyingi ambazo mtu mmoja angeweza kuzigusa kwa wakati wowote ni za mwezi mmoja, siyo za miezi kumi.

Kama unaweka akiba peke yako bila chama, tumia akaunti ya akiba ya kufungwa iliyo kwenye simu, kama ile ya M-Shwari. Kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda huko hakuna ada, na kule kufungwa kunakuokoa na wewe mwenyewe saa nne za usiku.

Nani anajiondoa, nani analipa

Vyama vingi havivunjwi na matapeli. Vinavunjwa na mtu mmoja mpole anayesema mwezi wa nane, "Mimi sitaenda tena, nirudishieni changu." Nyumba ya kukodi ilikadiriwa kwa vichwa kumi na viwili. Wakibaki kumi na mmoja, kila mmoja anaongeza kama 205. Si kubwa. Wakibaki wanane, ile nyumba ni 3,375 kila mtu, na pale mama wa bajeti ya hamsini amekwama.

Waliandika sheria kwenye daftari na kila mmoja akatia sahihi: ukijiondoa kabla ya mwisho wa Juni unarudishiwa zote. Baada ya hapo unarudishiwa zote isipokuwa sehemu yako ya nyumba, hadi upate mtu wa kuchukua nafasi yako. Tiketi za treni zikishakatwa, hicho ni kitu kingine kabisa, maana tiketi inakatwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha abiria. Kukhu akaomba waongeze kwamba anayejiondoa kwa msiba wa nyumbani arudishiwe zote wakati wowote. Wakaongeza.

Kulipa nyumba, safari hii kwa macho wazi

Tuliwaomba wafanye kitu ambacho hakuna app inayoweza kufanya: watume mtu. Nani hana jamaa Changamwe au Magongo? Mpwa wa mwenyekiti alikwenda kuiona nyumba, akapiga simu ya video akiwa jikoni, akafungua bomba, akaonyesha vitanda. Ndipo wakazungumza malipo. Walikataa kulipa yote mapema. Wanalipa sehemu moja ya tatu, 9,000, kushika nafasi, na 18,000 wakishaingia na kupewa ufunguo.

Walilipa kwa till ya biashara. Mteja hakatwi ada kwenye till, na jina la biashara linatokea, unaweza kulilinganisha na lile la kwenye risiti. Mkitumia kampuni ya kupanga safari badala ya kujipangia, kumbuka kwamba hapa Kenya kampuni hizo zinatakiwa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority. Iombe. Mwenye nayo hakasiriki.

Tiketi za treni mtazikata wenyewe, kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na kulipa kwa simu. Msimpe mtu nakala za vitambulisho vyenu kumi na viwili kwenye WhatsApp eti awakatie. Na fikeni stesheni mapema, angalau saa moja kabla, maana mizigo inakaguliwa mara zaidi ya moja. Hapa tulikosana kidogo na chama. Wanataka kusafiri usiku kwa basi kutoka Kakamega kisha wapande treni ya saa mbili asubuhi, ili wapite Tsavo mchana. Sisi tunaona hiyo ni kucheza kamari na msongamano wa Nairobi. Basi likichelewa saa mbili tu, tiketi za 18,000 zimeondoka nao wamesimama. Tumewashauri watoke siku moja mbele wakalale kwa jamaa. Bado wanajadili.

Bahari ya bure

Jambo la mwisho kuhusu bajeti lilitoka kwa yule mpwa wa Mombasa. Alisema watu wa bara hufika wakalipia mashua siku ya kwanza kabla ya kujua kwamba kuna chombo cha baharini kisicholipiwa. Feri ya Likoni, kwa anayetembea kwa miguu, ni bure. Unapanda pamoja na watu wa kazini, baiskeli na mikokoteni, unavuka mkono wa bahari, na ukiwa na bahati utaona meli kubwa ya mizigo ikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni. Ukifika ng'ambo, unageuka unarudi. Bustani ya Mama Ngina iko hapo karibu, nayo mnakaa mkiangalia mlango wa bandari. Mji wa Kale unatembeleka kwa miguu, na Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, iko pembeni yake.

Kwa hiyo wakaihamisha mashua ya kulipia hadi siku ya tatu, na kukubaliana kwamba asiyetaka anabaki na 1,500 yake. Watakaokwenda watauliza mambo mawili kabla ya kulipa: kuna jaketi la kuokolea la kila mtu, na maji yanakupwa saa ngapi.

Tunapoandika makala haya ni mwisho wa Machi, mwezi wa tano wa kuchanga. Kama kila mtu angekuwa amekamilisha, akaunti ingekuwa na 90,000. Iko na 86,500. Akina mama wawili wako nyuma kidogo, mmoja kwa sababu ya karo, mwingine kwa sababu wanafunzi walikuwa nyumbani na sufuria ya maharagwe ilikaa. Wote wawili wameanza tena kutuma hamsini.

Kukhu hajakosa siku hata moja. Mjukuu wake ndiye humsaidia kubonyeza, lakini jina la anayepokea analisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, kabla ya kuruhusu. Wiki iliyopita alituuliza kama treni inakubali mtu kurudi na chupa ya maji ya bahari. Anataka majirani waonje, kwa sababu kuna wale wanaobisha kwamba hayawezi kuwa na chumvi kiasi hicho.